Sugu: Sauti iliyopanda Ufipa kabla ya lami

MEI 2024, Chama cha Demokrasia na Maendeleo (Chadema) kilifanya uchaguzi wa viongozi wa Kanda ya Nyasa, kanda inayokusanya mikoa ya nyanda za juu kusini, Rukwa ikiwamo. Kiti cha mwenyekiti kiligombewa na watu wawili wenye majina makubwa. Aliyeshinda, kwa tofauti ndogo ya kura dhidi ya Mchungaji Peter Msigwa, ni Joseph Osmund Mbilinyi.

Katika orodha ya chama, Mbilinyi alikuwa mbunge wa zamani wa Mbeya Mjini. Kwa mkazi wa Sumbawanga aliyekuwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1990, jina hilo la ukoo silo la kwanza kumjia akilini. Humjia kwanza 2-Proud, au Mr. II, au Sugu. Ni majina matatu ya mtu mmoja, na kila moja lina zama zake katika historia ya muziki wa kufokafoka nchini.

Sumbawanga, mji ambao jina lake la Kifipa hufasiriwa kuwa ni “tupa uchawi”, haujawahi kufikiwa na reli. Barabara kutoka Tunduma, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 220, ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya matope masika, hadi ilipowekwa lami katika muongo wa 2010, sehemu kubwa kwa fedha za msaada wa Marekani zilizotolewa kupitia mpango wa Changamoto za Milenia. Kabla ya hapo, bidhaa nyingi za viwandani zilizopanda uwanda wa Ufipa zilipitia Mbeya, zikashuka Tunduma, kisha zikapanda tena kwa basi au lori. Kaseti za muziki zilikuwa miongoni mwa bidhaa hizo, na njia yao haikuwa tofauti na ya sabuni au mafuta ya taa.

Ndiyo maana Mbeya ina nafasi ya pekee katika kisa hiki. Mbilinyi alizaliwa Mei 1, 1972, mkoani Mtwara, lakini Mbeya ndiyo iliyokuja kumchukua kama mwanawe na kumpa kura. Kwa watu wa Ufipa, msanii anayehusishwa na Mbeya ni msanii wa jirani, tofauti na msanii wa Sinza au Temeke.

Kabla yake

Haiwezekani kueleza mchango wa Sugu bila kutaja hali aliyoikuta. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, redio iliyosikika Tanzania Bara nzima ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), nayo ilikuwa redio ya muziki wa dansi, taarab, kwaya na ngoma. Vijana wa mijini walisikia rap ya Marekani kupitia kanda za video na kaseti zilizoletwa na ndugu waliokuwa ughaibuni au mabaharia. Walizikariri, wakazipanda jukwaani kama zilivyo, Kiingereza kwa Kiingereza, wengine bila kuelewa nusu ya walichokisema.

Mwaka 1991 Saleh Jabir alivunja mwiko huo kwa kuimba kwa Kiswahili juu ya mdundo wa wimbo wa Vanilla Ice uliokuwa ukitamba wakati ule. Baadaye likaja kundi la Kwanza Unit, lililoundwa 1993, ambalo kwa muda mrefu liliendelea kuchanganya Kiingereza na Kiswahili. Mwaka 1994 ilianzishwa Radio One, na kipindi chake cha vijana kilichoongozwa na Taji Liundi kikafungua mlango ambao redio ya serikali ilikuwa haijaufungua. Mtangazaji aliyemfuata, Mike Mhagama, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuutenganisha hewani muziki wa nyumbani na ule wa Marekani kwa kuuita “Bongo Fleva”.

Katika mazingira hayo, 1995, kijana aliyejiita 2-Proud alitoa albamu iitwayo Ni Mimi. Jina la msanii lilikuwa na tarakimu ya Kimarekani, lakini jina la albamu lilikuwa la Kiswahili, na yaliyomo yalikuwa ya Kiswahili. Ni miongoni mwa albamu za mwanzo kabisa za rap ya Kiswahili kumilikiwa na msanii mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwaka uliofuata ikaja Ndani ya Bongo.

Ukizisikiliza albamu hizo mbili leo, ni dhahiri kuwa zilikuwa kazi za mtu anayejifunza. Midundo ni myepesi, sauti haijatulia, na majigambo ni mengi, kama ilivyo kwa rapa yeyote kijana popote duniani. Hata hivyo, jambo moja lilikuwa limekwisha kuamuliwa: lugha. Mbilinyi hakuwa mshairi wa maneno magumu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kituo cha daladala na kijiwe cha kahawa, kikatamkwa taratibu, kila silabi ikasikika. Hilo lilimsaidia kuliko lilivyowasaidia wenzake waliokuwa na ufundi zaidi. Msikilizaji wa mkoani, mwenye redio ya betri na kaseti iliyodurufiwa mara tano, hawezi kufuata rapa anayekimbia; Sugu aliweza kufuatwa.

Hali halisi

Mwaka 1998 aliachana na 2-Proud. Albamu yake ya tatu iliitwa Niite Mister II, na kichwa chenyewe kilikuwa tangazo la kubadili jina. Ndiyo albamu iliyomfanya asiwe tena msanii wa vijana wa mjini tu.

Wimbo uliobeba albamu hiyo ni Hali Halisi. Ndani yake kijana anaeleza maisha ya wenzake: hawana kazi, wanasiasa wanawakumbuka wakati wa kura, polisi wanawaandama, na rap ndiyo njia iliyobaki ya kusema. Hakuna kisa cha kubuni wala fumbo la kutegua. Ni orodha ya malalamiko, iliyopangwa na mtu anayejua nani anamsikiliza.

Kwa nini wimbo wa namna hiyo ulitikisa? Jibu limo katika miaka yenyewe. Mageuzi ya uchumi yaliyoanza katikati ya miaka ya 1980 yalikuwa yamepunguza ajira za serikali na mashirika ya umma. Vyama vingi vilirejeshwa 1992 na uchaguzi wa kwanza ukafanyika 1995. Kizazi kilichozaliwa baada ya Azimio la Arusha kilikuwa kimefikia umri wa kufanya kazi, na kazi hazikuwapo. Muziki wa dansi ulikuwa na desturi ndefu ya kuikosoa jamii, lakini kwa mafumbo na adabu, na mara nyingi kwa sauti ya mtu mzima anayeonya. Hali Halisi ilikuwa sauti ya kijana, isiyo na fumbo.

Mwaka 1999 filamu ya makala iliyotengenezwa na Waholanzi kuhusu rap ya Tanzania ilichukua jina la wimbo huo, ikiueleza muziki huu kuwa ni chombo mbadala cha habari. Mtafiti wa Marekani Alex Perullo naye aliutumia katika makala yake ya 2005 kuhusu vijana wa Dar es Salaam wanaoitwa wahuni na wengine, na mashujaa na wengine. Si kawaida kwa wimbo wa kaseti kufika mbali kiasi hicho.

Wimbo mwingine wa miaka hiyo, Chini ya Miaka Kumi na Nane, uligusa suala la wasichana wadogo wanaoingizwa katika biashara ya ngono. Itakumbukwa kuwa ni mwaka huo 1998 ambapo Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyoongeza ukali wa adhabu kwa wanaowadhalilisha watoto. Wimbo na sheria havikupangwa pamoja, ila vilikutana katika mjadala mmoja, na bila shaka wimbo uliingia katika nyumba nyingi kuliko nakala za sheria.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwa ajili ya Ufipa. Mwanaanthropolojia wa Uingereza Roy Willis, aliyeishi na Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alichapisha 1978 kitabu kizima kuhusu sanaa yao ya kusema: ngano, mithali na namna ya kusimulia. Watu waliolelewa katika mazungumzo ya namna hiyo hawakuhitaji kufundishwa kuwa maneno matupu, bila gitaa wala tarumbeta, yanaweza kuwa burudani. Wazee waliosema kuwa rap “si muziki, ni kuongea tu” walikuwa, pasipo kukusudia, wakiisogeza karibu na jadi yao wenyewe.

Albamu kila mwaka

Baada ya 1998 Mbilinyi alifanya kazi kwa kasi. Nje ya Bongo ilitoka 1999, Millenia 2000, Muziki na Maisha 2001, Itikadi 2002. Albamu iliyobeba jina lake la tatu, Sugu, ilitoka 2004. Kasi hiyo ilikuwa na sababu ya kiuchumi. Msanii wa wakati ule aliuza albamu kwa msambazaji wa Kariakoo, kwa malipo ya mara moja au kwa fungu dogo la kila kaseti, kisha maharamia wakaidurufu na kuiuza mikoani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa 1999, lakini stempu za kodi kwenye kazi za muziki zilianza kutumika 2013 tu, wakati kaseti zilikuwa zimekwisha kufa. Msanii ambaye hakutoa kazi mpya hakula.

Si zote zilikuwa nzuri kwa kiwango kimoja. Kati ya 1999 na 2002 zipo nyimbo zinazorudia zilichosema nyingine, na midundo inayoonyesha haraka. Lakini katika kipindi hicho alipata jambo ambalo hakuwa nalo mwanzoni, nalo ni wahusika. Mfano mzuri ni Deiwaka. Neno hilo la mtaani humaanisha mtu wa kazi ya siku moja, hasa anayeshikilia daladala ya mwenzake kwa saa chache apate chochote. Badala ya kusema vijana hawana ajira, kama alivyosema 1998, sasa alimchukua mmoja na kumpa sauti. Malalamiko yakawa picha.

Jina Sugu nalo lina maana yake. Sugu ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa. Ni jambo lisilosikia dawa. Mtu aliyeanza kwa kujivuna kwa Kiingereza, kisha akataka aitwe bwana, aliishia kujiita kwa jina la kigaga cha mkono wa mkulima. Mashabiki wake wa nyanda za juu, ambako jembe la mkono halijaondoka, hawakuhitaji tafsiri.

Kwa upande wa ufundi, wapo wanaomlaumu kuwa hakubadilika vya kutosha, na lawama hiyo ina ukweli. Professor Jay, aliyetoka katika kundi la Hard Blasters, alitoa Ndio Mzee 2001 na kuonyesha kuwa siasa inaweza kusemwa kwa kejeli na kuigiza, jambo ambalo Sugu alilijaribu kwa nadra. Fid Q wa Mwanza, aliyetoa Vina Mwanzo Kati na Mwisho miaka michache baadaye, alipeleka vina na tamathali mahali ambapo Sugu hakuwahi kufika. Afande Sele wa Morogoro alikuwa na hekima ya kishairi zaidi. Ukiwapanga kwa uzito wa mistari, Sugu huenda asiwe wa kwanza. Ukiwapanga kwa kuuliza nani alifungua njia ambayo wengine walipita, hakuna ubishi mkubwa.

Nyakati zikabadilika

Katikati ya miaka ya 2000 soko liliwageukia waimbaji wa mapenzi. Mr. Nice na mtindo wake wa Takeu, kisha TID, kisha Ali Kiba na Cinderella ya 2007, walionyesha kuwa fedha zipo kwenye nyimbo za kucheza na kubembeleza. Vituo vya redio viliongezeka, na pamoja navyo ukaongezeka uwezo wa vituo hivyo kuamua nani asikike na nani asahaulike. Rapa wa aina ya Sugu, aliyekuwa mkondo mkuu 1998, akajikuta pembeni bila kuhama alipokuwa amesimama.

Mgogoro ulilipuka 2010. Mbilinyi alidai kuwa wazo la kampeni ya muziki dhidi ya malaria lilikuwa lake, na kwamba lilichukuliwa na kukabidhiwa kwa watu wenye nguvu katika vyombo vya habari na burudani. Waliotuhumiwa walikanusha. Badala ya kunyamaza, alitoa mkusanyiko wa nyimbo ulioitwa Anti-Virus, akishirikiana na wasanii waliojiita Vinega, miongoni mwao Mkoloni wa Wagosi wa Kaya. Nyimbo hizo hazikutegemea redio. Zilisambazwa kwa mkono, kwa santuri za kunakili na kwa intaneti, na zilikuwa na lugha kali, mara nyingine ya matusi, ambayo hata mashabiki wake wa muda mrefu waliona imepita kiasi.

Mtafiti wa Kijerumani Uta Reuster-Jahn, aliyeandika kwa kina kuhusu jambo hilo 2014, aliliita uasi wa wasanii dhidi ya himaya ya habari na burudani. Kisanaa, Anti-Virus si kazi bora ya Sugu. Kihistoria ina uzito, kwa kuwa ilionyesha kwamba msanii aliyefungiwa mlango wa redio anaweza kuwafikia watu kwa njia nyingine. Miaka michache baadaye njia hiyo ikawa ya kawaida kwa rapa wote wa chini, kuanzia Nikki Mbishi hadi Nash MC. Ugomvi wenyewe ulikuja kumalizwa kwa maridhiano.

Bungeni

Oktoba 31, 2010, Mbilinyi aligombea ubunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya Chadema na kumshinda mbunge aliyekuwapo, Benson Mpesya wa CCM. Si mwanamuziki wa kwanza kuingia bungeni. Kapteni John Komba alikuwa amemtangulia. Lakini alikuwa rapa wa kwanza, na aliingia kwa upande wa upinzani, akiwa na majina yake yote.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2011, zilizuka vurugu kati ya polisi na wafanyabiashara ndogondogo wa eneo la Mwanjelwa jijini Mbeya. Mbunge alisimama mbele ya vijana kuwataka watulie. Ni watu walewale wa Deiwaka, ila sasa aliyewapa sauti alitakiwa kuwatuliza. Wapo waliomsifu kwa ukomavu, na wapo waliosema kuwa mtu aliyeimba hasira kwa miaka 15 hana budi kuijibu anapokutana nayo barabarani.

Mwaka 2015 alichaguliwa tena, safari hii kwa zaidi ya kura 100,000. Professor Jay, Joseph Haule, naye aliingia bungeni kwa jimbo la Mikumi. Afande Sele aligombea Morogoro Mjini kupitia ACT-Wazalendo na kushindwa. Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba kizazi cha Hali Halisi kilikuwa kimehama studio na kwenda Dodoma.

Upepo uliwageukia upesi. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake Wapo. Aprili mwaka huohuo Roma Mkatoliki na wenzake walitekwa na watu wasiojulikana wakiwa studio jijini Dar es Salaam, wakapatikana siku chache baadaye. Mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imewekewa vizuizi. Wabunge waliruhusiwa kuzungumza katika majimbo yao tu.

Ni katika mkutano wa namna hiyo, jijini Mbeya mwishoni mwa Desemba 2017, ambapo Mbilinyi na katibu wa Chadema Kanda ya Nyasa, Emmanuel Masonga, walidaiwa kutoa maneno ya kumfedhehesha Rais John Magufuli. Waliwekwa rumande Januari. Februari 26, 2018, mahakama jijini Mbeya iliwahukumu kifungo cha miezi mitano kila mmoja. Walitoka Mei 10, kabla ya muda kuisha, na baadaye mwaka huohuo Mahakama Kuu ilifuta hukumu hiyo.

Muda mfupi baada ya kutoka, aliandaa wimbo ulioitwa 219. Ilikuwa namba yake ya mfungwa.

Katika orodha ya majina ya msanii huyu, hilo ndilo pekee ambalo hakujichagulia. 2-Proud, Mr. II na Sugu yalikuwa matangazo ya jinsi alivyotaka kuonekana. 219 ilikuwa namba aliyopewa na dola, naye akaifanya kichwa cha wimbo. Alikuwa na umri wa miaka 46, mbunge wa awamu ya pili, na bado jibu lake la kwanza kwa jambo lililompata lilikuwa kuandika mistari.

Matokeo ya 2020

Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 28, 2020, Mbilinyi alitangazwa kushindwa na Dk. Tulia Ackson wa CCM, ambaye Februari 2022 alikuja kuwa Spika wa Bunge. Professor Jay naye alipoteza Mikumi. Chadema, iliyolalamikia uchaguzi huo nchi nzima, ilitangaziwa ushindi katika jimbo moja tu la uchaguzi. Jimbo hilo halikuwa Mbeya, Arusha wala Kilimanjaro. Lilikuwa Nkasi Kaskazini, mkoani Rukwa, na mshindi alikuwa Aida Khenani.

Ni tukio ambalo wachambuzi wa siasa hawajalieleza vya kutosha, na si kazi ya makala haya kulieleza. Ila linawakumbusha wanaodhani kuwa nyanda hizi ni pembe iliyolala kwamba mambo hupanda huku kwa njia zake, na mara nyingine hubaki huku yanapofutika kwingine.

Mbilinyi alirudi katika biashara, ikiwamo hoteli ya Desderia aliyoijenga jijini Mbeya, na katika muziki. Mei 2022 aliadhimisha miaka 30 ya usanii kwa onyesho kubwa katika Hoteli ya Serena, Dar es Salaam. Ukumbi wa hoteli ya kifahari kwa mwimbaji wa Hali Halisi uliwachekesha baadhi ya watu. Lakini waliokuwa na miaka 20 mwaka 1998 walikuwa wamefika 44, wengi wakiwa na ajira, mikopo ya nyumba na watoto wa sekondari, na uwezo wa kulipa kiingilio.

Katika muda huo njia ya rapa kuelekea siasa ilikuwa imepata sura nyingine. Hamis Mwinjuma, yaani Mwana FA, aliingia bungeni 2020 kupitia CCM kwa jimbo la Muheza, na 2023 akateuliwa kuwa naibu waziri katika wizara inayosimamia utamaduni, sanaa na michezo. Alichofungua Sugu kwa upande wa upinzani kilikuwa kimekuwa ngazi ya kawaida kwa pande zote.

Agosti 2024, miezi michache baada ya kukabidhiwa Kanda ya Nyasa, Mbilinyi alikuwa miongoni mwa viongozi wa Chadema waliokamatwa na polisi jijini Mbeya, wakati chama kilipokusudia kukusanya vijana wake kwa ajili ya siku yao ya kimataifa. Waliachiwa baada ya siku chache. Mwaka uliofuata, Oktoba 2025, uchaguzi mkuu ulifanyika bila chama chake kushiriki.

Kuhusu nyimbo zenyewe, nyingi za miaka ya kaseti hupatikana sasa katika intaneti, zikiwa zimepakiwa na mashabiki kutoka kwenye kanda zao, na mkwaruzo wa mkanda ukisikika chini ya sauti. Kijana wa Sumbawanga anaweza kuisikiliza Hali Halisi kwenye simu akiwa ndani ya basi linaloteleza juu ya lami kwenda Tunduma, safari ambayo kaseti ya kwanza ya wimbo huo ilipofika mjini kwao ilikuwa ya vumbi kuanzia mwanzo hadi mwisho.